Somo: Namna ya kuwauliza wenyeji kabla hujahamia Tanga

Shule zikikaribia kufunguliwa, au uhamisho wa watumishi ukitoka, swali kwenye kundi letu huwa lile lile: "Jamani nahamia Tanga, kukoje?" Na majibu yale yale: karibu sana, kuzuri, joto kidogo, samaki wapo. Muulizaji anashukuru, anafunga mizigo, anashuka stendi ya Kange saa mbili usiku na hajui bajaji impeleke wapi. Hakudanganywa. Aliuliza swali ambalo jibu lake ni "karibu" tu.

Mimi naishi hapa mjini na wageni napokea, ndiyo maana nimeamua kuandika hatua zenyewe.

Hatua ya 1: Jua utashinda wapi

Kabla hujamuuliza mtu yeyote mtaa wa kukaa, taja utafanya kazi wapi. Anayekwenda kiwanda cha saruji Pongwe yuko njia ya Muheza, nje kabisa ya mjini. Wa bandarini au Hospitali ya Bombo yuko upande wa bahari. Wa Chongoleani, kule linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, anazunguka ghuba kwenda kaskazini. Hawa watatu ukiwapa ushauri mmoja, wawili umewaumiza nauli.

Na useme unakuja na nani. Kijana mmoja na begi lake anakaa chumba cha uani Ngamiani raha mustarehe. Familia yenye wazee na watoto ina mahesabu mengine.

Hatua ya 2: Kila jambo na mtu wake

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanampata rafiki mmoja Tanga, wanamuuliza kila kitu. Huyo rafiki kazaliwa Ngamiani, anakaa nyumba ya baba yake, hajawahi kulipa kodi ya miezi sita kwa mpigo wala kugombana na mwenye nyumba. Mambo ya kupanga atayajulia wapi? Yeye muulize historia ya mtaa, nani ni nani, wapi usiku pana vurugu. Kupanga muulize mgeni mwenzako aliyehamia mwaka jana au juzi. Huyo kidonda chake bado kibichi, atakueleza bila kupaka rangi.

Dalali anajua nyumba zilizo wazi kuliko mtu yeyote, na kwa hilo mtumie. Ila anakula kwa wewe kulipa. Kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Usimuulize dalali kama mvua zikinyesha maji yanaingia ndani.

Mambo ya maji waulize kina mama wanaofua. Usalama na migogoro ya nyumba, mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Umeme, mpangaji anayetoka.

Halafu kuna muuza kahawa. Usimdharau. Anapita na birika lake la shaba na kashata, anasimama kila kibaraza, anasikia kila kitu. Nyumba ambayo wapangaji hawakai yeye anaijua, na sababu anaijua.

Hatua ya 3: Uliza kitu kinachoshikika

"Maji yapo?" Utaambiwa yapo. Bomba lipo, kwa hiyo maji yapo! Uliza hivi: "Jana yalitoka saa ngapi? Yalipanda hadi kwenye simtanki au mlikinga kwa ndoo? Simtanki ni la wote au la mwenye nyumba?" Mji unakunywa maji ya bwawa la Mabayani, kwenye Mto Zigi, na mtaa na mtaa msukumo haulingani. Kinachokuhusu wewe ni bomba la ua ule, basi.

Ukiambiwa kuna kisima, uliza kama sabuni inatoa povu. Karibu na bahari visima vingine vina chumvi. Utafulia, lakini chai hutaisifu. Njoo na kipande cha sabuni, omba maji kidogo kwenye kopo, sugua mikono yako pale pale. Wenyeji watacheka, na jibu utakuwa nalo.

Kwenye LUKU yapo maswali mawili. Mita ni ya kwako au mnachangia? Mkichangia, mwenye friji na mwenye taa moja wanagawanaje? Halafu kodi ya jengo: tangu 2021 inakatwa kupitia manunuzi ya umeme, nayo ni mzigo wa mwenye nyumba, siyo wako. Kubalianeni mapema atakurudishiaje, maana baadaye ni maneno.

Bei ya kodi usimuulize mtu mmoja. Waulize wapangaji watatu wa mtaa ule wanalipa ngapi kwa chumba cha aina gani, ndipo umsikilize dalali.

Hatua ya 4: Njoo uone kabla hujalipa

Ukiweza, njoo masika, Machi hadi Mei. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Mvua ikinyesha utajua kiwanja kipi ni cha vyura. Ukishindwa kuja wakati huo, angalia ukuta wa nje chini, karibu na msingi: ule mstari wa tope uliokauka, na rangi iliyopakwa upya nusu ukuta tu, vinasema. Angalia pia kizingiti cha mlango. Mtu hajengi kitofali cha kuzuia maji mlangoni kwa kupenda.

Halafu madirisha. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la hapa si la kusimuliwa, na chumba ambacho hakina dirisha la pili la kupitisha upepo ni tanuri. Ingia chumbani saa nane mchana, funga mlango, kaa humo dakika kumi. Siyo saa moja asubuhi anayoipenda dalali.

Pita tena usiku. Mtaa wa mchana na mtaa wa usiku ni mitaa miwili, hasa kukiwa na baa au ukumbi wa shughuli jirani.

Hatua ya 5: Salamu kwanza

Hii ni pwani. Ukisimamisha pikipiki mbele ya kibaraza na kuuliza kwa sauti "oya, nyumba za kupanga ziko wapi?", utaoneshwa njia ya kutokea. Shuka. Shikamoo kwa wazee, habari za hapa, nunua kahawa, waachie bao lao liishe. Watakuuliza umetoka wapi na kwenu nani. Jibu bila kununa, nao wanakupima. Ukisikia umeitwa "mgosi", yaani bwana kwa lugha za huku, mambo yameanza kukaa sawa.

Hatua ya 6: Karatasi

Chukua barua ya utambulisho huko unakotoka, jitambulishe ofisi ya mtaa unakohamia, mkataba wa nyumba uandikwe. Fupi, lakini usiiruke.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu mpya, yuko Singida: Nimepangiwa shule Tanga mjini, natakiwa niripoti wiki ijayo. Sina ndugu wala rafiki huko. Hizo hatua zote nitazifanya saa ngapi?

Usizifanye zote. Tafuta namba ya mwalimu mmoja wa shule hiyo, akuulizie chumba cha kulipia mwezi mwezi, hata kama ni kidogo na choo cha nje. Vipo, ingawa wenye nyumba wengi wanataka miezi sita. Kaa hapo, zunguka taratibu baada ya kazi. Nyumba ya kukaa utaichagua ukiwa huku, siyo kwa simu.

Mama wa watoto wawili, Mwanza: Mdogo yupo darasa la nne. Watoto nitamuuliza nani?

Uhamisho anza nao huko huko kabla hujafunga masanduku, bi mkubwa, maana darasa la nne lina mtihani wa taifa na usajili wake haungoji. Huku usimuulize mwalimu mkuu peke yake. Simama getini saa ya kutoka, ongea na wazazi wanaosubiri. Waulize mtoto anavuka barabara gani, na nani anamvusha.

Kijana, Kigoma: Nasikia kazi za bomba la mafuta zipo nje nje. Nije tu?

Usije tu. Kabla hujakata tiketi, tafuta mtu anayefanya kazi huko kwa sasa umuulize mambo matatu: nani aliyemwajiri, tangazo alilionea wapi, na mkataba wake unaisha lini. Anayekwambia "tuma kwanza hela ya fomu", mfute kwenye simu.

Mfanyabiashara wa mitumba, Morogoro: Mtaa gani una mzunguko?

Nenda Soko la Mgandini na mitaa ya Ngamiani yenye barabara za namba. Usimuulize mwenye fremu tupu, kaa pembeni uhesabu wanaonunua, ukitenga wanaopita. Fanya hivyo katikati ya mwezi, mishahara ikiwa imekwisha.

Asiyetaka kutajwa: Dalali kanitumia picha za nyumba Raskazone, nzuri mno, bei ndogo. Anataka nitume nusu ya kodi "isichukuliwe na mwingine".

Ichukuliwe. Raskazone ni ya majumba ya baharini, bei ndogo hapo ni ya kujiuliza. Kama una haraka, mwombe mtu unayemfahamu apige video akiwa getini, aongee na jirani wa kushoto na wa kulia. Dalali akianza sababu, umeshajibiwa.

Baba wa Kisambaa, Lushoto: Sisi tumezoea baridi. Na wanasema Tanga "waja leo waondoka leo", ni kweli?

Mgosi, wanaosema hivyo wengi wao wapo hapa miaka na wajukuu wameshapata. Baridi yenu iacheni Lushoto pamoja na mablanketi. Tafuta nyumba yenye dari ya juu na mti uani, na uulize jua la jioni linapiga upande gani, chumba cha kulala kisiwe upande huo.

Mtumishi anayehamia kutoka Dodoma: Samani nibebe au niuze?

Uliza kwanza nyumba iko umbali gani na bahari. Upepo wa chumvi unakula chuma: bawaba, miguu ya meza, sehemu ya nyuma ya friji. Kitanda cha chuma kiuze huko huko, huku mafundi seremala wapo na watakutengenezea cha mbao. Friji beba, lakini usiiweke chini ya dirisha linaloelekea baharini. Gari la mizigo, waulize wenye maduka huko Dodoma wanaoletewa mzigo kutoka Tanga: gari likishusha na kurudi Tanga tupu, linatoza ngapi? Ni rahisi kuliko kukodi la kwenda na kurudi.