Kupanda mikoko ishike, sio ya picha tu

Jamani kupanda mikoko sio kuchomeka vijiti kwenye tope mnapiga selfi mnasepa. Anza na maji, subiri bamvua, yale maji makubwa kabisa ya kujaa, uangalie yanapita wapi, kama tuta au barabara imeziba mkondo zibueni hapo kwanza, mara nyingi mikoko inarudi yenyewe wala hamkuhitaji kupanda.

Kama lazima mpande, kila aina ya mikoko na sehemu yake: mlilana mbele kabisa baharini, mkoko wenyewe (nao ni aina mojawapo) katikati, mkandaa nyuma yake, mchu huo mbishi utaukuta mbele na huku juu kwenye chumvi kali. Mbegu ya mkoko ni ile ndefu inayoning'inia, usiivute, ikiwa na pete ya njano shingoni na ukiigusa tu inaachia basi imeiva, yenye tundu la mdudu tupa. Chomeka ncha chini kama theluthi hivi, mita moja mpaka nyingine.

Gazi kule Kwale, Kenya, wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaifyonza, na hela inaingia kwenye maji ya kijiji na shule. Na tafadhali msipande juu ya majani bahari, yale majani yanayoota chini ya maji, hapo samaki wanazaliana.