Kusema "kuna" na "hakuna" kwa Kiingereza

Anza na "there", weka kitenzi, taja kitu, kisha mahali: "There is a cup on the table." Kikiwa kimoja tumia "is", vikiwa vingi "are": "There are two cups."

Kosa linalowasumbua wengi ni "There have many people." Linatokana na -na yetu, ambayo imo ndani ya "nina" na ndani ya "kuna" vilevile. Kiingereza hakichanganyi kumiliki na kuwepo, kwa hiyo "have" iache kabisa hapa.

Maji nayo hutega. Kwetu yako kwenye ngeli ya YA, lakini Kiingereza hakiyahesabu: "There is water in the bucket." Ndivyo ilivyo kwa "furniture", "information" na hata "news", ingawa ina s mwishoni. Kinyume chake, "people" haina s lakini ni wingi: "There are people outside."

"Kuna kitabu mezani" ni "There is a book on the table." "Kitabu kipo mezani", yaani kile tunachokijua, ni "The book is on the table." Ukisema "There is the book", unakuwa kama unakionyesha kwa kidole.

Hakuna sukari? "There is no sugar" au "There isn't any sugar." Usikanushe mara mbili. Kuuliza, geuza: "Is there a bank near here?" Jibu fupi ni "Yes, there is", bila kufupisha kuwa "there's". Wakati uliopita ni "was" na "were". Ujao ni "there will be" kwa umoja na wingi.