Supamoto hapa Tanga: chumvi, oili na vitu vingine vya kuzingatia kabla haijakufia mkononi

Mwezi huu pekee vijana watatu wamenisimamisha pale Ngamiani wakaniuliza kaka hii pikipiki yako ndefu yenye tairi za lami inapatikana wapi na matunzo yake yakoje, sasa naandika yote kwa pamoja mana kununua ni siku moja tu, kwenye matunzo ndo watu wanaumia.

Kwa asiyejua, supamoto ni pikipiki ya tope iliyovalishwa rimu za inchi 17, tairi za lami na diski kubwa ya breki mbele. Ilianzia Carlsbad, California mwaka 1979, kwenye mashindano ya televisheni yaliyowakutanisha watu wa motokrosi na watu wa lami waonekane nani mkali, ndo mana inapita lami na vumbi vyote. Injini yake ni silinda moja inayokamuliwa kisawasawa. KTM 690 SMC R ina nguvu za farasi zaidi ya 70 na uzito wake bila mafuta ni kama kilo 150, sasa ilinganishe na Boxer ya cc 150 yenye farasi kama 12 uone unakaa juu ya kitu gani.

Kabla hujatoa hela jua kuna aina mbili. Kuna za barabarani kama Suzuki DR-Z400SM (ndo ninayo), hiyo 690 na Husqvarna 701, na kuna za mashindano kama Husqvarna FS 450. Za mashindano hazihesabiwi kilomita, zinahesabiwa masaa, oili kila masaa 10 hadi 15, na pistoni ni kitu cha kubadilishwa kwa ratiba kama unavyobadili tairi, alafu nyingi hazina feni kwenye radieta, ukisimama foleni kwenye jua la saa nane mchana inachemka. Kama unataka ya kwendea kazini chukua ya barabarani, usidanganywe na bei nzuri ya ile nyingine.

Sasa oili. Hapa naomba mtulie. DR-Z oili yake haifiki hata lita 2 na sehemu kubwa inakaa ndani ya fremu, sio chini ya injini kama bodaboda. Ukiipima asubuhi imepoa stiki itakuonyesha imepungua wakati haijapungua, imeshuka tu chini, unaongeza, kumbe umeijaza kupita kiasi. Washa, iache ingurume taratibu dakika tatu hivi, zima, subiri dakika nyingine chache, iwe imesimama wima, ndo upime. Na wakati wa kumwaga kuna nati mbili, moja kwenye fremu na moja chini ya injini, fundi aliyezoea bodaboda atafungua moja tu na kukwambia tayari, hivo simama naye. Nunua oili ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA, 10W-40, usiweke ya gari hata kama ni ya bei mbaya, klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo na ya gari inaweza kuifanya iteleze. Mimi kwa joto letu na vumbi letu nabadili kila kilomita 2,000 na filta yake, na naipima kila wiki, mana ukikimbiza sana silinda moja kama hii inakunywa.

Adui wa pili ni chumvi, na huyu ndo anakula pikipiki nyingi za pwani bila mwenyewe kujua. Nlikuwa naegesha Raskazone upande wa baharini karibu kila jioni, hata tone la maji ya bahari halikuigusa, ni ule upepo tu, nikaja kufungua kalipa ya mbele (kile chuma kinachobana pedi za breki) kubadili pedi nikakuta boliti zimeshika kabisa, moja ikakatikia ndani na ilinigharimu siku mbili na hela ya kutobolewa. Tangu hapo kila wikendi naimwagia maji ya bomba, sio ya kisima jamani, visima vingi vya huku maji yake yana chumvi, utakuwa unaongeza ulichotaka kutoa. Usipige mashine ya presha kwenye beringi za magurudumu, stelingi wala kwenye soketi za waya. Ikikauka futa spoku na vyuma vya shokapu za mbele kwa kitambaa chenye oili kidogo, mana pale pakipata kutu ya vidoti tu inachana sili na oili inaanza kuvuja. Kila boliti unayofungua irudishe na grisi kidogo. Ekseli, beringi za stelingi na linkeji ya shokapu ya nyuma (vile vyuma vinavyoiunganisha na mkono wa tairi) fungua upake grisi angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Na usiifunike na turubai la nailoni ikiwa mbichi, unyevu unabaki humohumo.

Kama unakatiza njia za mashamba ya mkonge kule Amboni unalijua lile vumbi jekundu. Filta ya hewa ni sponji, ioshe kwa mafuta ya taa kisha maji na sabuni, ikauke kivulini, alafu uipake oili ya filta mpaka rangi ienee sawasawa. Petroli usitumie, inaachanisha gundi na ni hatari ya moto. Sponji kavu isiyo na oili inapitisha vumbi moja kwa moja kwenye ringi za pistoni.

Cheni nayo mafuta ya taa na brashi laini, sio petroli, itakula ringi za mpira zilizomo ndani. Usiikaze kama gitaa, iache na mlegeo uliyoandikwa kwenye kitabu chake, mana shokapu ya nyuma inashuka sana na cheni iliyokazwa inavunja beringi za gia.

Tairi za DR-Z ni 120/70 mbele na 140/70 nyuma, madukani kwa bodaboda hupati, agiza mapema kabla zako hazijaisha. Mafuta ya breki badili kila miaka miwili yawe DOT 4, yanavuta unyevu na huku unyevu haukosekani.

Nafasi ya valvu wachie fundi mwenye fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), injini ikiwa ya baridi kabisa, kwa DR-Z za kuingiza ziwe kati ya milimita 0.10 na 0.20, za kutoa moshi 0.20 hadi 0.30. Akikwambia anasikiliza kwa sikio tu, mshukuru na uondoke na pikipiki yako.

Ukitaka kujua kama imekaa sawa ipeleke Mombo uipandishe Lushoto, zile kona zote mpaka juu. Kabla hujatoka Tanga pima oili, upepo na unene wa pedi, na ukifika Mombo pumzika usogeze mkono karibu na diski zote mbili bila kuzigusa, yenye joto kupita kiasi huenda breki yake inashika.