Usifunge CT ya tumbo kabla ya kuutazama mfupa

CT ya tumbo (picha za mikato ya mwili kwa eksirei na kompyuta) inayopigwa kutafuta mawe ya figo inaonyesha pia pingili zote za kiuno, na mara nyingi hakuna anayeziangalia. Hapa Uganda mashine za DXA za kupima uimara wa mifupa ni chache. Mama wa Arua au Kitgum hatafunga safari hadi Kampala kupima mfupa usiomuuma. Lakini CT yake ameshailipia, na kuusoma mfupa humo hakumwongezei mionzi wala gharama.

1. Kagua mashine na picha.
Namba za mfupa nitakazotaja katika hatua ya 4 ni za kilovolti 120, yaani nguvu ya eksirei iliyowekwa kwenye mashine. Kwa kilovolti 100 mfupa husoma juu zaidi, na mgonjwa utamwona mzima. Kipimo cha maji cha asubuhi, cha kuhakiki mashine, kiwe karibu na sifuri. Kikipotoka, mwite fundi kwanza. Tumia picha laini za tumbo, si zile kali za mfupa, maana hizo namba zake huyumba.

2. Tazama uti wa mgongo kwa upande.
Hapa ndipo usiharakishe. Weka dirisha la mfupa (mwangaza wa skrini unaoonyesha mfupa vizuri), pitia pingili moja moja, na ile iliyobonyea ipime kimo mbele na nyuma. Tuseme mbele ni milimita 17 na nyuma 24: imepungua kwa takriban asilimia 29. Kwa daraja za Genant, zinazopima ukali wa pingili iliyobonyea, asilimia 20 hadi 25 ni mvunjiko mdogo, 25 hadi 40 ni wa kati (daraja la 2), zaidi ya 40 ni mkali. Huyu basi ni wa kati. Wengi wenye mvunjiko huo hawajui wamevunjika. Mgongo ukiuma wanasingizia jembe. Na aliyevunjika mara moja yuko hatarini kuvunjika tena, hata kama namba ya hatua ya 4 itatoka nzuri. Eksirei ya kifua ya upande nayo inaonyesha pingili za kifua zilizobonyea, ila haitakupa namba hiyo.

Usikimbilie kusema osteoporosisi (mifupa dhaifu inayovunjika kwa urahisi), hasa kwetu. Diski ikiwa imeliwa na kuna usaha pembeni, fikiria TB ya uti wa mgongo. Pedikeli (vishikizo vya nyuma vya pingili) zikiwa zimeharibika, fikiria saratani.

3. Chora duara kwenye L1, pingili ya kwanza ya kiuno.
Kwa kawaida ndiyo pingili ya kwanza isiyo na mbavu. Kwenye picha ya mkato, chora duara la yai ndani ya mfupa wa sponji, sehemu ya mbele. Usiguse ganda la nje wala mshipa wa nyuma. L1 ikiwa imebonyea, tumia T12 iliyo juu yake au L2 iliyo chini yake, maana mfupa uliobanwa husoma juu kwa uongo.

4. Soma wastani wa Hounsfield (HU, kipimo cha CT cha msongamano, maji yakiwa sifuri) ndani ya duara hilo.
Utafiti wa Wisconsin, Marekani, wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba juu ya 160 osteoporosisi ni nadra, na 110 kushuka chini ina uwezekano mkubwa. Dawa ya kontrasti (ya kung'arisha picha) hupandisha namba kidogo, kwa hiyo andika kama ilitumika. Mimi naichukua namba hii kama sababu ya kushuku tu. Osteoporosisi yenyewe huthibitishwa na T-score ya DXA (ulinganisho na mfupa wa kijana mwenye afya) ya −2.5 au chini, au na mvunjiko uliotokea bila ajali kubwa.

5. Andika.
Mfano: “L1: 96 HU bila kontrasti, kilovolti 120. T12 imebonyea daraja la 2. Osteoporosisi inashukiwa, tafuta chanzo.” Mkumbushe musawo (daktari) aliyemtuma aulizie dawa zinazodhoofisha mfupa: prednisolone ya muda mrefu, tenofovir ya VVU na sindano ya Depo ya uzazi wa mpango, bila kumwachisha mgonjwa dawa kiholela. Na maneno hayo yaweke kwenye hitimisho la ripoti. Ukiyaficha katikati ya maelezo ya ini na wengu, wodini hakuna atakayeyaona.