Kuomba kibali cha maadili ili kupima chembe sahani za damu kwenye vifaa tiba

Una katheta mpya, yaani mrija mwembamba wa kuingizwa mwilini, na unataka kujua chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zitafanya nini zikiigusa. Kabla ya kumchoma mtu yeyote sindano hapa Tanzania, pata kibali cha maadili kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya maadili ya taasisi yako. Maombi ya NIMR hutumwa kwa mtandao, kupitia mfumo wa REIMS.

Anza na andiko la utafiti, hasa sehemu ya mbinu. Wengi huipa mistari mitatu, kisha hushangaa likirudishwa. Taja kiwango cha ISO 10993-4, kinachoongoza upimaji wa vifaa vinavyogusana na damu. Kisha jibu mapema swali ambalo mkaguzi makini hawezi kuliacha: kwa nini usichukue damu ya benki? Kwa sababu chembe sahani hazivumilii jokofu. Baridi huzibadilisha umbo na kuziamsha kabla hazijakutana na katheta yako. Unahitaji damu mbichi, iliyokaa joto la chumba na kupimwa ndani ya saa nne hivi.

Andika pia kwamba utatumia tyubu ya kifuniko cha bluu, yenye sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande) ya asilimia 3.2, sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Mchangiaji aliyemeza aspirini ndani ya siku kumi zilizopita umwache, maana chembe zake zimelemazwa na zitakudanganya kuwa katheta ni salama. Weka sampuli za kulinganishia: damu isiyogusa kitu, na damu iliyogusa kitu kinachojulikana kuamsha chembe, kama kioo.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili cha kawaida. Usiandike "mililita 20" ukaishia hapo. Sema "vijiko vinne vya chai". Eleza kwamba mtu anaweza kujitoa bila kuulizwa sababu, na damu itakayobaki itateketezwaje.

Ambatisha wasifu wa watafiti, bajeti na barua ya maabara, lipa ada, tuma. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Sampuli zikisafirishwa nje ya nchi, mkataba wa uhamishaji uwe tayari.

Maoni ya kamati yakirudi, yajibu moja baada ya jingine, ukitaja ukurasa uliorekebisha. Kibali hudumu mwaka mmoja, basi omba kuhuisha mapema. Na hakikupi ruhusa ya kuuza katheta hiyo: usajili wake ni wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), kwa maombi mengine kabisa.