Kuweka SSD mpya kwenye laptopu na kuinstoli Windows safi, diski ya zamani usiiguse kwanza

Laptopu nyingi tunazotumia hapa Mombasa ni zile za ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, EliteBook, Latitude, ThinkPad, mashine ngumu zilizotumika maofisini, prosesa bado iko sawa lakini ndani mna ile hadi diski (hard disk) ya kuzunguka, wawasha mashine, wapika chai, wainywa, ndio menyu inafunguka. Hiyo si laptopu ya kutupa jamani. Yataka SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, na Windows safi basi, na ukiwa na bisibisi ndogo na flashi moja waimaliza kazi jioni moja bila kumlipa fundi.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya yote. Diski ya zamani usiifute, usiifomati, ukishaitoa iweke kabatini ikiwa nzima na vitu vyake vyote. Watu wanaiogopa kazi hii kwa kudhani lazima ufute picha za harusi ya dadako ndio uanze upya, kumbe diski mpya ni mpya na ya zamani ni ya zamani, mambo yakienda mrama wairudisha ile ya zamani na laptopu inawaka vile ilivyokuwa jana. Kwa hivyo pia sishauri kukloni, yaani kuhamisha Windows ya zamani nzima nzima hadi kwenye SSD. Inawezekana, ndio, lakini virusi, programu zilizovunjika, vile vidude vya kampuni ya Uingereza iliyokuwa na hiyo laptopu, vyote waja navyo, ni kama kuhama nyumba ukabeba na kunguni.

Jua laptopu yako yala diski gani

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Kuna SSD za inchi 2.5, zina umbo lilelile la hadi diski ya kawaida na zinatumia SATA, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski, hizo zinaingia karibu laptopu yoyote ambayo ilikuwa na diski ya kuzunguka. Halafu kuna M.2, kale kembamba kama kipande cha chingamu, na M.2 zenyewe ni aina mbili, kuna ya SATA na kuna ya NVMe ambayo ni ya kasi zaidi, zinafanana ukiziangalia harakaharaka lakini slotu ya moja si lazima ikubali nyingine. Tazama meno ya dhahabu ya SSD: nyingi za SATA zina mikato miwili na NVMe nyingi zina mkato mmoja. Namba 2280 maana yake ni upana milimita 22 na urefu milimita 80, ndio saizi ya kawaida, lakini laptopu zingine ndogo zataka 2242 kwa hivyo usinunue kwa kukisia. Tafuta modeli kamili ya laptopu, imeandikwa chini au utaiona kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kisha usome mwongozo wa mtengenezaji, HP, Dell na Lenovo wanauweka bure kwenye tovuti zao.

Usisumbuke sana na kasi. Diski ya kuzunguka inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA karibu 550, NVMe ya Gen 3 (kizazi cha tatu) inaweza kufika kama 3500. Kwenye karatasi NVMe inaiacha SATA mbali sana, lakini kwa mtu wa Word, brauza na filamu, mruko utakaousikia mwilini ni ule wa kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ile. Kama laptopu ina slotu ya NVMe chukua NVMe, kama haina usihuzunike. GB 256 yamtosha mwanafunzi, ukiwa wa kuhariri video chukua 512 kwenda juu.

Ukiwa dukani, iwe ni Moi Avenue ama popote mjini, taka paketi ambayo haijafunguliwa na risiti yenye waranti imeandikwa, sio ya mdomo. Kama ni M.2 uliza na kile kiskrubu kidogo cha kuishikilia maana mara nyingi hakimo ndani ya boksi na laptopu ya mtumba huenda fundi wa kwanza alishakipoteza. SSD yenye TB kibao kwa bei ya chapati na maharagwe iache hapohapo, hizo zinaonyesha ukubwa wa uongo na faili zinaanza kuharibika ukishapita kiasi.

Kabla hujashika bisibisi

Flashi ya kuinstolia Windows itengeneze mapema kwa laptopu hiyohiyo ikiwa bado na diski yake ya zamani, la sivyo utafungua kila kitu halafu uanze kuzunguka mtaani ukitafuta kompyuta ya kuazima. Yataka flashi ya GB 8 au zaidi, na itafutwa yote, kwa hivyo kama mna kaswida na assignment zitoe. Faili ya Windows 11 ni zaidi ya GB 5, kama wategemea bando la simu nenda saiba ama kwa rafiki mwenye waifai ukaipakue huko. Ipakue kwa tovuti ya Microsoft yenyewe, ni bure, usichukue ile ya kuuziwa kwenye CD ama Windows "iliyopunguzwa" kutoka kwa Telegram, hujui ndani wametia nini.

Windows gani sasa? Windows 10 iliacha kupata sapoti ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo kuinstoli hiyo upya leo siwezi kukushauri. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ndani ya mashine, na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, na ex-UK nyingi ziko kizazi cha 6 na cha 7. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni programu inaitwa Rufus, ni ndogo na ni bure, ukiitumia kuandika flashi inakuuliza kama wataka kuondoa hayo masharti, watia tiki na Windows 11 inaingia, ila jua Microsoft hawakuahidi kwamba apdeti zitaendelea kuja siku zote kwa mashine kama hiyo. Ya pili ni Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, faili yake ni ndogo, haina mambo ya laiseni, na kwa laptopu ya RAM GB 4 mimi ningechukua hiyo bila kufikiria mara mbili. Core 2 Duo zile za zamani kabisa hata na Rufus hazitawaka na Windows 11 za sasa, hizo ni Mint moja kwa moja.

Kwenye Rufus chagua GPT na UEFI, ile mipangilio ya kisasa ya diski na ya kuwasha mashine. Pia itakuuliza kama wataka kuondoa lile sharti la akaunti ya Microsoft na kutengeneza akaunti ya kawaida, kama hutaki kulazimishwa kuingia na imeli weka tiki hapo.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau mpaka wanalia ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski nzima. Kama diski ya zamani imefungwa na BitLocker, ukiitoa na kuichomeka kwengine itataka ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi wa kukusaidia. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft au uzime BitLocker kabisa, ingoje imalize, ndio ufungue laptopu. Na hata kama hufuti kitu, zile faili za kukutoa machozi zikopi pia mahali pengine, diski za kuzunguka nazo hufa.

Kufungua

Fanyia ndani, juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Sio barazani, upepo wa bahari una mchanga na chumvi, na feni ya dari ikiwa kasi itakurushia viskrubu. Jasho nalo lipanguse, joto la huku walijua, tone moja kwenye bodi halina faida. Shika kitu cha chuma kwanza ili umeme wa mwilini uondoke.

Zima kabisa, sio kulaza, chomoa chaja na utoe betri. Kama betri ni ya ndani basi ukishafungua kava la chini kitu cha kwanza ni kuchomoa konekta yake, ThinkPad nyingi zina sehemu kwenye BIOS ya kuizima hiyo betri kabla hujafungua, itumie. Skrubu zipange mezani vile zilivyokaa kwenye laptopu kwa sababu urefu wake hautoshani, na ukitia ndefu mahali pa fupi waweza kutoboa hadi upande wa kibodi. Laptopu zilizokaa Pwani miaka mingi skrubu hushika kutu, tumia bisibisi yenye kichwa kinachoenea sawasawa na ukandamize vizuri ndio uzungushe, ukiharibu kichwa cha skrubu hapo ndio utamtafuta fundi kweli. Kava litoe kwa kadi ya plastiki ukizunguka ukingoni polepole, usitie kisu.

Diski ya inchi 2.5 iko ndani ya fremu ya chuma au mpira na inaungwa kwa waya bapa mwembamba, huo waya usiuvute, shika konekta yenyewe. Fremu ihamishie kwenye SSD mpya. M.2 yaingizwa ikiwa imeinama kama digrii 30, sukuma mpaka meno yasionekane, kisha ilaze na ufunge kiskrubu, usikaze kwa hasira. Ukiwa humo ndani, feni ipulize vumbi litoke, na ukiona kijani kwenye vituo vya shaba hiyo ni kutu ya shaba iliyoletwa na chumvi, isugue taratibu na brashi laini na spiriti (isopropyl alcohol) ya asilimia 99.

Laptopu zingine zina nafasi mbili, ya M.2 na ya 2.5. Hata hapo itoe ile ya zamani wakati wa kuinstoli. Ukiiacha ndani Windows inaweza kutumia partisheni (kigawanyo cha diski) ya kubuti, yaani ya kuwashia mashine, iliyoko kwenye diski ya zamani, halafu mwezi ujao ukiitoa laptopu haiwaki na hujui kwa nini.

Kuinstoli

Rudisha betri na kava, chomeka chaja, na betri pia iwe imejaa maana stima hapa haitoi salamu ikiondoka. Tia flashi, washa na ubonyeze kitufe cha menyu ya kubuti mfululizo: HP ni F9, Dell na Lenovo ni F12, Asus ni Esc, Acer ni F12 lakini mara nyingi wapaswa kwanza kuiruhusu kwenye BIOS kwa F2. Chagua flashi ile iliyoandikwa UEFI.

Ikifika kwenye lugha na kibodi simama kidogo. Kibodi ya ex-UK ina alama ya £ juu ya 3, kwa hivyo chagua kibodi ya United Kingdom, ukiacha US alama ya @ na ya kunukuu zitabadilishana nafasi na utadhani paswadi yako imekataa. Ikitaka namba ya laiseni bonyeza "I don't have a product key", laptopu nyingi zilizokuja na Windows 10 kwenda mbele zina namba yao ndani ya bodi na Windows itajitambua yenyewe ikipata intaneti. Itakutishia pia kwamba kila kitu kitafutwa, weka tiki bila wasiwasi, ya zamani iko kabatini.

Kwenye orodha ya diski tafuta SSD yako mpya, imeandikwa "Unallocated Space". Usigawanye gawanye, ichague na ubonyeze Next, Windows itakata partisheni inazotaka yenyewe. Kama orodha iko tupu na laptopu ni ya Intel kizazi cha 11 kwenda juu, kosa si la SSD, ni kitu kinaitwa VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski, kizime kwenye BIOS au pakua draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya Intel RST kwa tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, itie kwenye flashi na ubonyeze "Load driver". Ikianza kukopi iache. Ikirestati usibonyeze tena kile kitufe cha kubuti, itaanza mwanzo, chomoa flashi ikishazima skrini mara ya kwanza.

Wakati wa kuweka jina na saa, chagua Nairobi. Ukiungana na intaneti halafu ikakutokea jina la kampuni ya watu na kutaka imeli ya kazi, hiyo laptopu bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza, irudishe kwa aliyekuuzia akatafute suluhisho huko, usianze ujanja.

Ikishawaka

Waifai haionekani? Unga simu kwa waya wa USB uwashe tethering, yaani simu igawie laptopu intaneti, kisha Windows Update iiendeshe mara mbili tatu mpaka iseme hakuna kilichobaki, draiva nyingi zitakuja humo. Zinazobaki na alama ya njano kwenye Device Manager zichukue kwa tovuti ya mtengenezaji, zile programu za "kutafuta draiva zote" achana nazo, na kreki za kuaktiveti Windows pia, umesafisha nyumba yote halafu wamkaribisha mwizi mwenyewe. Kama saa inarudi nyuma kila ukizima na tovuti zinakataa kufunguka, betri ndogo ya bodi imekufa, nyingi ni CR2032.

Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie SSD yako, saa ilizotumika zapaswa kuwa chache mno, ikionyesha maelfu umeuziwa ya mtumba, na risiti unayo. Usiifanyie difragi ya kizamani, ile ya kupanga upya faili kwenye diski. Na ukiingia na akaunti ya Microsoft, Windows 11 za sasa zinaweza kujifunga na BitLocker zenyewe bila kukuuliza, kwa hivyo ufunguo wa tarakimu 48 uandike kwenye daftari leo leo.

Diski ya zamani inunulie kesi ya USB, kile kisanduku cha kuichomeka kama flashi, ya SATA inchi 2.5 si ghali. Ichomeke, ukopi unachokitaka, kingine kiache humohumo. Ikae mwezi au miwili mpaka uhakikishe hakuna faili unayoitafuta, hapo sasa waweza kuifomati uitumie kwa bekapu.