Hedhi Ikishakoma: Jinsi ya Kulinda Mifupa

Anza na ukuta, upime urefu wako. Vua viatu, gusisha visigino, makalio na mabega ukutani, tazama mbele. Mtu akuwekee kitabu kichwani na kuchora mstari kwa penseli. Pima kwa tepu ya fundi cherehani, andika tarehe. Rudia kila baada ya miezi 6, asubuhi, maana jioni kila mtu huwa amefupika kidogo. Ukishuka sentimita 2 chini ya mstari wa kwanza, au 4 kuliko ulivyokuwa msichana, huenda pingili ya uti wa mgongo imebonyea, hata kama hukuanguka. Omba eksirei ya mgongo. Mashine ya kupima msongamano wa mfupa wenyewe ni adimu Uganda, lakini eksirei itaonyesha pingili iliyobonyea.

Chanzo kikuu cha mifupa kudhoofika ni kupungua kwa estrojeni, homoni iliyokuwa ikizuia seli zinazomung'unya mfupa. Ikipungua, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari, huanza hasara hiyo mapema. Wembamba mno, sigara na waragi (pombe kali) wa kila siku huongeza hasara hiyo. Prednisoloni (dawa ya steroidi) ikimezwa kwa miezi 3 au zaidi hudhoofisha sana, na tenofovir, dawa ya VVU, hupunguza mfupa kiasi. Usiache dawa yoyote kwa sababu hiyo, mwulize daktari.

Mahitaji ya kalsiamu ni miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban 300. Mukene, yaani dagaa, ni hazina, ila kalsiamu yake iko kwenye mifupa, kwa hiyo ukitupa vichwa na miiba umetupa ulichonunulia. Waliokaushwa mchangani waoshe mara tatu au nne mpaka maji yatoke bila mchanga, kisha wapike wazima kwenye mchuzi wa karanga. Asiyependa kuwaona sahanini awakaange bila mafuta, awatwange, achanganye unga huo kwenye uji wa wimbi. Dodo, yaani mchicha, ni nzuri, lakini ina oksalati inayoshika kalsiamu, basi usiitegemee peke yake.

Vidonge vya kalsiamu meza pamoja na chakula, visizidi miligramu 500 kwa mara moja. Mwili haufyonzi zaidi vizuri. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, amezee vyote viwili pamoja na chakula, au atangulize dolutegravir saa 2 kabla ya kalsiamu, au aichelewishe saa 6 baada yake. Vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu, dawa ya VVU haiingii mwilini ya kutosha.

Jua la ikweta tunalo, lakini ashindaye dukani au afunikaye mwili wote huweza kukosa vitamini D, inayosaidia mwili kufyonza kalsiamu.

Mazoezi: tembea mwendo wa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Simama na kuketi kitini mara 10 bila kushika kitu. Jerikeni ya lita 20 ina kilo 20: kuinama mgongo ukiwa umepinda na kuinyanyua ndiko kunakovunja pingili dhaifu. Chukua mbili za lita 5, kunja magoti, zishike karibu na mwili. Fagio la mkono mfupi lifungie mti mrefu ili usiiname.

Ukiandikiwa alendronati, dawa ya kuimarisha mifupa, ya miligramu 70 mara moja kwa wiki, imeze ukiamka, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, na usilale wala kula kwa dakika 30. Ikikwama kooni huunguza.